Daktari akikosea, mzazi aambiwe

Miaka mingi iliyopita, nikiwa katika mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo, nilipangwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa. Ulikuwa msimu wa mvua, na wakati ule malaria ilijaza wodi hadi watoto wakalala wawili wawili, hata watatu, kitanda kimoja. Kama saa nane usiku aliingia mama mmoja amembeba mtoto wa mwaka na miezi michache. Mwili ulikuwa unamchemka na degedege lilikuwa halijakoma tangu watoke nyumbani.

Nilimwambia muuguzi avute dawa ya degedege. Alivunja kichupa, akavuta, kisha akasita.

"Daktari, yote?" aliniuliza.

Wiki ile ile nilikuwa nimetoka wodi ya watu wazima, na kichupa kizima ndicho nilichozoea kuagiza. Nikamjibu kwa ukali kidogo: "Yote, Sista. Haraka."

Kichupa kile kilikuwa na miligramu 10. Mtoto yule alikuwa na kilo 10 hivi, na kipimo chake cha kuchomwa kwenye mshipa kilikuwa miligramu 3. Degedege lilikoma, na dakika chache baadaye pumzi nayo ikaanza kukatika. Tulimpumulisha kwa mfuko wa mkono, mimi na yule muuguzi kwa kupokezana, karibu saa nzima, hadi alipoanza kuvuta hewa mwenyewe.

Asubuhi nilimweleza mkubwa wangu wa kazi. Akanitazama, akasema: "Mtoto si amepona? Basi. Ukimwambia mama yake utatuletea mambo." Nikanyamaza. Mama aliambiwa kwamba hali ya mtoto ilibadilika usiku, ikadhibitiwa. Siku ya nne waliruhusiwa. Bibi wa mtoto akanifuata mlangoni na chane mbili za ndizi mbivu. "Mjukuu wangu, Mungu akuzidishie," aliniambia. "Umetuokolea mtoto." Nilizipokea ndizi zile.

Ninayaeleza haya leo kwa sababu ya swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: "Daktari, nitajuaje kama mwanangu alikosewa?" Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hutajua, usipoambiwa. Na wanaojua, yaani sisi tuliovaa makoti meupe na wauguzi waliokuwa zamu, tunabaki na swali zito kuliko mengi tuliyofundishwa darasani: niseme, au ninyamaze?

Msimamo wa safu hii wiki hii ni mmoja. Aliyekosewa aambiwe. Aambiwe mapema, kwa lugha anayoielewa, na mtu anayewajibika. Na mfanyakazi anayesema ukweli alindwe, asigeuzwe kuwa adui wa kazi.

Si jambo la nadra

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Marekani, nchi yenye mashine na wataalamu wengi, ripoti ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo iliyotolewa mwaka 1999 ilikadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka hospitalini kwa makosa ya kitabibu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba makosa ni ya hospitali maskini peke yake, au ya madaktari wasiojua kazi.

Hapa kwetu bado tunakumbuka Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walichanganywa. Aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti, na aliyekuwa na tatizo la goti akafunguliwa kichwa. Machi 2018, jirani zetu wa Kenya walishtuka vilevile. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa aliyehitaji dawa tu kwa ajili ya uvimbe alifunguliwa kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Kosa lilibainika upasuaji ukiwa umeshaendelea kwa saa kadhaa, pale madaktari walipoikosa damu waliyokuwa wanaitafuta.

Ukiyatazama matukio hayo kwa haraka utasema ni uzembe wa mtu mmoja. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba mgonjwa hafiki kwenye meza ya upasuaji akiwa mkononi mwa mtu mmoja. Kuna aliyemwandaa wodini, aliyemsukuma, aliyempokea mlangoni, aliyempa dawa ya usingizi na aliyeshika kisu. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuuliza: "Huyu ndiye?"

Kwa nini muuguzi hukaa kimya

Turudi kwa muuguzi wangu. Aliona. Aliuliza. Nilipomjibu kwa ukali, akanyamaza, akachoma. Je, alikosea?

Ndiyo, kwa sababu mafunzo yake yalimtaka asitoe dawa anayoitilia shaka. Lakini mtazame pale alipokuwa amesimama. Ni saa nane usiku, wodi imejaa, mtoto anatetemeka, na mwenye mamlaka ya kuandika dawa amesema "yote". Tumelelewa katika nyumba ambazo mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Adabu hiyo ni nzuri sebuleni. Wodini inaweza kuua.

Kuna na hofu nyingine. Muuguzi akipeleka taarifa kwamba daktari fulani amekosea, anaweza kuitwa mchonganishi. Anaweza kupangiwa zamu za usiku mfululizo, au kuhamishwa. Na kosa likiwa lake mwenyewe, hofu inaongezeka. Wote tumeona picha za kiongozi anayeingia hospitalini na kamera nyuma yake, akamsimamisha kazi mhudumu papo hapo huku watu wakipiga makofi. Makofi yale huwafurahisha wananchi siku moja. Siku inayofuata, wahudumu wote wa hospitali ile wamejifunza jambo moja: ukikosea, ficha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa maneno hayo. Yanaihusu hospitali pia. Kosa lililofichwa halitibiwi. Katika wodi yetu ile, vichupa vya watu wazima viliendelea kukaa kwenye sinia moja na dawa za watoto, na hakuna aliyebandika ukutani jedwali la vipimo kwa uzito. Kama kungekuwa na kikao cha dakika ishirini asubuhi ile, tungefanya yote mawili kabla ya saa sita mchana. Sijui ni watoto wangapi waliokuja baada ya yule waliolipia kimya changu.

Somo la Ifakara

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Hapana. Moja ya ushahidi mkubwa duniani kwamba kusema kunaokoa maisha ulipatikana hapahapa Tanzania.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, WHO ilijaribu orodha fupi ya maswali 19 ya kuulizwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Hospitali nane zilichaguliwa katika miji minane duniani, ikiwamo London, Toronto, New Delhi na Manila. Mmojawapo ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Huyu ni nani? Tunafanya upasuaji gani? Upande upi? Ana mzio wa dawa? Kila aliyepo ndani ajitambulishe kwa jina na kazi yake.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zote nane kwa ujumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi: mambo yaliyokuwa yanaachwa kwenye kumbukumbu ya mtu sasa yalitamkwa mbele ya wote, na muuguzi mdogo kuliko wote akapewa ruhusa rasmi ya kufungua mdomo mbele ya bingwa.

Ndiyo maana ukienda kufanyiwa upasuaji ukaulizwa jina lako mara tatu na watu watatu tofauti, usikasirike. Usiseme "si mmeshaandika?" Shukuru. Ukiona hakuna aliyekuuliza, ndipo upate wasiwasi.

Kosa, uzembe na uovu si kitu kimoja

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kutetea wanaosema ukweli si kutetea kila kinachofanyika hospitalini.

Kuna kosa la kibinadamu. Mtu anajua kazi, anajali, lakini amechoka, amechanganya, amesoma vibaya tarakimu. Hili linahitaji kukiri, kusahihisha na kubadilisha utaratibu ili lisirudiwe. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Kuna uzembe. Mtu anajua anachotakiwa kufanya na hafanyi. Amelala zamu huku akiitwa. Amekuja kazini amelewa. Anaruka hatua za usalama kila siku kwa kuwa zinamchosha. Huyu anahitaji kuwajibishwa, na mwenzake anayemfichia anashiriki.

Kisha kuna uovu. Anayedai fedha ndipo amhudumie mama mjamzito. Anayeuza dawa za serikali kwenye duka lake. Hapo hakuna mtihani wa maadili, kuna kosa la jinai. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113, na tangu mwaka 2015 nchi yetu ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamhusu mwananchi, na inamhusu mfanyakazi.

Tatizo letu ni kwamba tunavitia vyote vitatu kwenye kapu moja. Muuguzi aliyekosea mara moja katika zamu ya saa kumi na mbili anapewa jina lile lile la mla rushwa. Matokeo yake, mwema anajificha pamoja na mwovu, na aliye juu yao hawezi kuwatofautisha.

"Wakiambiwa, si watatushtaki?"

Hili ndilo swali la kwanza la wenzangu kila ninapoligusa jambo hili, na si swali la kijinga. Wahudumu wamewahi kupigwa wodini na ndugu wenye uchungu. Wapo waliofikishwa mbele ya mabaraza ya taaluma. Hakuna anayependa kujitia kitanzi.

Lakini tazama kilichotokea katika mfumo wa hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, nchi ambayo watu wake hawachelewi kwenda mahakamani. Kuanzia mwaka 2001 hospitali hizo ziliamua kwamba likitokea kosa, zitachunguza, zitamwambia mgonjwa, zitaomba radhi na zitalipa fidia inayostahili bila kusubiri kesi. Wengi walidhani madai yangemiminika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kinyume. Madai mapya yalipungua, na muda wa kuyamaliza ukafupika.

Mimi sishangai. Katika miaka yangu ya kazi nimekaa na wazazi wengi wenye hasira. Wachache sana walitaka fedha. Wengi walitaka mambo matatu: waambiwe nini kilitokea, wasikie mtu akisema "samahani", na wajue kwamba mtoto wa mwenzao hatapatwa na jambo lile. Kinachompeleka mzazi kwa wakili, mara nyingi, ni ile hisia kwamba anazungushwa. Leo anaambiwa faili halionekani, kesho daktari yuko safari, keshokutwa anaambiwa "ni mapenzi ya Mungu". Mapenzi ya Mungu yapo. Tusiyatumie kufunika kichupa tulichovunja wenyewe.

Naiomba hospitali inayosoma hapa ifanye mambo manne likitokea kosa. Kwanza, mkubwa wa wodi akae na familia ndani ya siku moja, mahali pa faragha, aeleze kinachojulikana na kisichojulikana bado. Pili, aombe radhi bila kuzunguka. "Pole kwa yaliyotokea" haitoshi pale ambapo sisi ndio tuliosababisha. Tatu, gharama ya kutibu madhara ya kosa letu isiandikwe kwenye bili ya mgonjwa. Nne, baada ya uchunguzi familia iitwe tena, iambiwe kilichobadilishwa.

Aprili 2024 WHO ilizindua hati ya haki za usalama wa mgonjwa, yenye haki 10. Ndani yake mna haki ya kupata taarifa, haki ya kusikilizwa na haki ya shauri kumalizwa kwa uadilifu. Kuizindua ni rahisi. Kuitekeleza saa kumi alfajiri, mbele ya mama anayelia, ndiyo kazi.

Ukweli unatoka pande zote mbili

Mzazi, sasa ni zamu yako. Nimesema hospitali zisifiche. Na wewe usitufiche.

Mtoto analetwa macho yamekuwa ya manjano. Tunauliza, "Amepewa dawa yoyote nyumbani?" Jibu ni "hapana". Siku ya tatu bibi anakuja kutembelea, anasema kwa sauti ya chini kwamba alimnywesha dawa ya miti shamba wiki nzima. Au mtoto amepewa sindano kwenye duka la dawa mtaani, na mama anaogopa kusema kwa sababu anajua muuguzi atamgombeza. Au amepewa dawa ya homa ya maji kila baada ya saa mbili kwa kuwa "joto lilikuwa halishuki", na sisi tunaongeza nyingine juu yake.

Ninajua kwa nini mnaficha. Mnaficha kwa sababu ile ile tunayofichia sisi: hofu ya kuaibishwa. Kwa hiyo nasema na wauguzi na madaktari pia. Mama akikiri kwamba alichelewa, au kwamba alianzia kwa mganga wa kienyeji, asigombezwe mbele ya foleni. Mshukuru kwanza. Elimu itafuata mtoto akishatulia. Anayegombezwa leo kwa kusema ukweli, kesho atasema uongo.

Mambo ya kufanya mtoto akiwa wodini

Jua uzito wa mtoto wako. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kilo. Parasetamoli, kwa mfano, hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja kwa dozi. Mtoto wa kilo 6 na mtoto wa kilo 12 hawawezi kunywa kijiko sawa. Mtoto asipopimwa uzito, omba apimwe. Akiwa mahututi hawezi kupandishwa kwenye mizani, mtajie daktari uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Uliza kabla ya kila sindano na kila kidonge: "Hii ni dawa gani, ni ya nini, na ni kiasi gani?" Uliza kwa upole, na hakikisha limetajwa jina la mtoto wako, kwa ukamilifu, kabla hajapewa. Wodini kunaweza kuwa na akina Amina watatu.

Soma, au somewa, fomu ya ridhaa kabla ya kutia sahihi. Inatakiwa itaje upasuaji gani na upande upi. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Sahihi ya mtu asiyeelewa haimlindi yeyote.

Mtoto akibadilika ghafla, mwite muuguzi mara moja. Asipokuja, mfuate. Asiposikiliza, muombe daktari wa zamu. Wewe ndiye unayemjua mtoto wako akiwa mzima, na maneno "daktari, huyu leo si yeye" ni taarifa ya kitabibu. Yazingatiwe.

Ukihisi kuna jambo halikwenda sawa, anza na swali, usianze na shutuma: "Naomba nielezwe kilichotokea usiku." Anza na muuguzi msimamizi wa wodi, kisha mganga mfawidhi. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kukusindikiza ukiona mambo magumu. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, na baada ya hapo kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya wanataaluma wao. Andika tarehe, saa na majina ya waliokuwa zamu, na tunza kila karatasi uliyopewa.

Na nakuomba jambo moja. Usimrekodi muuguzi kwa simu na kumrusha mitandaoni kabla hujasikiliza. Usimwinulie mkono. Anayekuja kukwambia "mama, tumekosea" amefanya jambo gumu kuliko unavyodhani. Una haki ya kulia, kukasirika, na kudai uchunguzi. Lakini ukimpiga yule aliyesema, umewafundisha kumi walionyamaza kwamba walikuwa sahihi.

Deni langu

Mtoto yule, kama yu hai, na ninaomba awe hai, sasa ni mtu mzima. Sikumbuki sura ya mama yake vizuri. Ya bibi naikumbuka, na zile ndizi nazikumbuka.

Yule muuguzi nilifanya naye kazi miezi mingine kadhaa. Sikumwomba radhi kwa ukali wangu, na yeye hakunikumbusha. Ila kuanzia usiku ule nilibadilisha jambo moja. Muuguzi akiniuliza "Daktari, yote?", mkono wangu unasimama. Narudia hesabu kwa sauti mbele yake, hata kama nina uhakika. Mara kadhaa swali hilo limemwokoa mtoto, na mimi pamoja naye.

Hicho ndicho ninachowaambia madaktari vijana wanaokuja chini yangu. Nawaambia pia kwamba siku watakapokosea, na siku hiyo itafika, waje kwangu, twende pamoja kwa mzazi. Tumeshafanya hivyo. Baba mmoja alitukaripia hadi tukainamisha vichwa. Kesho yake alirudi, akakaa, akauliza mtoto wake atapewa dawa gani sasa. Alikuwa bado anatuamini kuliko ambavyo angetuamini kama angesikia habari ile kutoka kwa mfagizi wa wodi.

Laiti ningepewa tena asubuhi ile, ningemwita yule mama kwenye kile chumba kidogo cha wauguzi, ningemwambia: "Mama, mwanao usiku aliacha kupumua kwa sababu nilimpa dawa nyingi kupita kipimo chake. Muuguzi aliniuliza, sikumsikiliza. Tumempumulisha, amerudi, tutamwangalia kwa karibu. Naomba unisamehe." Pengine angenipiga kofi. Pengine bibi asingeleta ndizi.

Angekuwa na haki ya kuchagua mwenyewe.